Somo: Kufunga mashine za shamba kabla ya barafu, pikipiki iwe ya mwisho

Kila Septemba swali linalotangulia ni lile lile: "Fundi, pikipiki naifungaje?" Kufunga ni kuilaza kwa majira ya baridi. Watu huanza na wanachokipenda. Huku Västerbotten, kaskazini mwa Uswidi, bara kidogo kutoka Skellefteå, barafu haiangalii unachokipenda. Inaanza na penye maji. Kwa hiyo somo hili linakwenda hivi: maji, halafu mafuta, halafu betri, na pikipiki mwisho kabisa. Tena pikipiki ina sababu yake ya kungoja. Septemba na mwanzo wa Oktoba ndio wakati mtamu wa kupanda: mbu wameisha, vumbi limetulia, miti ya betula ni njano kila upande. Anayeifunga mapema anajidhulumu mwenyewe.

Usingoje theluji ndipo uanze. Theluji unaiona inakuja. Barafu ya usiku huioni mpaka asubuhi, na mara nyingi inatangulia kwa wiki kadhaa.

Hatua ya 1: Maji ya nje

Funga maji ya bomba la nje kwa ndani, kisha fungua koki ya nje iachwe wazi. Mipira ya kumwagilia imwagwe, ikunjwe, iingizwe bandani. Pampu ya kisima cha bustani na mashine ya kuoshea kwa presha zipelekwe mahali pasipoganda kabisa, maana hata ukiimwaga mashine ya presha, maji hubaki ndani ya pampu, na kichwa cha pampu kikipasuka bei yake inakaribia ya mashine mpya.

Hatua ya 2: Trekta

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo hasara kubwa ilipo. Maji yakiganda yanatanuka kwa takriban asilimia 9. Chuma cha bloki ya injini hakitanuki nayo, kinapasuka. Bloki ikishapasuka, trekta ya zamani imekuwa chuma chakavu.

Yangu ni Ferguson TE20, ile ya kijivu ambayo Waswidi wanaiita Grålle. Zilitengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, zaidi ya 500,000, na bado utazikuta mabandani huku zikivuta kuni na kusukuma theluji. Harry Ferguson, mwenye jina hilo, aliungana na Massey-Harris mwaka 1953, ndiyo maana aliyewahi kulima na Massey Ferguson 135 kule Kitale au Mbeya akiikalia hii hapotei. Lifti ya nyuma ya pointi tatu anaijua. Kitakachomshangaza ni starta tu: unasukuma gia mpaka kwenye alama ya S ndipo inazunguka.

Kazi yenyewe:

Nunua kile kipimo kidogo cha kuelea cha kupimia glaikoli, dawa ya kuzuia maji ya rejeta yasigande. Ni cha bei ndogo na kinakuambia rejeta yako inavumilia baridi ya nyuzi ngapi. Mchanganyiko wa nusu glaikoli, nusu maji unafika karibu nyuzi −37, na kwa huku kwetu hapo ndipo pa kulenga. Wengine hudhani wakimimina glaikoli tupu watakuwa salama zaidi. Sivyo. Glaikoli tupu inaanza kuganda karibu na −13, na hata joto la injini haiondoi vizuri kama ikiwa na maji.

Kama kipimo kinaonyesha ni dhaifu, mwaga yote. Kuna koki mbili: moja chini ya rejeta, nyingine ubavuni mwa bloki. Hii ya pili ndiyo inayosahaulika. Ukiifungua na hakitoki kitu, usiseme "imeisha". Chukua waya uchokonoe, kwa sababu kutu huziba tundu na maji yamejaa nyuma yake. Suuza mpaka maji yatoke meupe, funga, jaza mchanganyiko mpya. Kisha washa injini iache ipate moto sawasawa mpaka rejeta juu na chini zote ziwe za moto. Hatua hii usiiruke: glaikoli ikibaki kwenye rejeta tu, bloki bado ina maji matupu, na umefanya kazi ya bure.

Glaikoli ni sumu na ina ladha tamu. Mbwa na paka huilamba. Watoto pia. Beseni la kumwagia lisiachwe chini hata dakika moja.

Sasa oili. Kwenye TE20, giabox, haidroliki na ekseli ya nyuma vinatumia oili moja. Mvuke wa hewa huingia humo mwaka mzima na kugeuka maji. Ukiona oili imekuwa nyeupe kama maziwa, ina maji, na maji hayo yakiganda pampu ya haidroliki ndiyo itakayoumia. Acha trekta ilale usiku kucha bila kuwashwa, asubuhi legeza nati ya chini taratibu: maji hutangulia kutoka kwa sababu ni mazito kuliko oili. Oili safi ikianza kutoka, funga. Kama yote ni maziwa, badilisha yote.

Maliza na grisi kila mahali pa kupigia grisi, mpaka ile chafu ya zamani itoke pembeni. Grisi mpya inasukuma maji nje, na hiyo ndiyo faida yake kubwa zaidi wakati huu wa mwaka.

Mwenye trekta ya dizeli ana kazi moja ya ziada: dizeli ya kiangazi iliyobaki kwenye tangi itatoa nta kwenye baridi na kuziba filta. Itumie yote kwenye kazi za Septemba, kisha jaza dizeli ya majira ya baridi, washa injini ili ifike mpaka kwenye filta.

Hatua ya 3: Mafuta ya mashine ndogo

Tangu Agosti 2021 petroli ya okteni 95 hapa Uswidi ni E10, yaani ina ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli hufyonza unyevu na kula mipira ya kabureta za zamani. Ya 98 imebaki E5. Kwa mashine ya kukatia nyasi, msumeno wa kuni na mashine ya kurusha theluji, mimi natumia petroli ya alkileti inayouzwa kwenye madebe. Ni ghali, lakini haina ethanoli na hukaa muda mrefu bila kuharibika. Mashine ya nyasi: mwaga petroli ya zamani, weka kidogo ya alkileti, washa ikimbie dakika chache, zima. Umemaliza.

Mashine ya kurusha theluji ijaribu Oktoba, siyo asubuhi ile theluji imefika magotini. Angalia zile pini ambazo zimetengenezwa zikatike makusudi ili giabox isivunjike ukigonga jiwe. Weka za akiba kwenye droo. Siku zinapohitajika, duka huwa limefungwa.

Hatua ya 4: Kuni

Kwa kifupi, maana hili lina somo lake: kuni za kuchoma mwaka huu zilipaswa kupasuliwa kabla ya kiangazi. Septemba ni ya kuzibeba tu kuingiza ndani wakati bado ni kavu. Anayepasua sasa anaandaa za mwaka kesho.

Hatua ya 5: Betri

Betri iliyojaa haigandi mpaka karibu nyuzi −60. Betri iliyoisha inaweza kuganda kwenye −10, hata kabla. Kwa hiyo adui ni kuiacha tupu. Toa zote, chaji mpaka zile za volti 12 zisome angalau volti 12.6 baada ya kupumzika, ziweke mahali pakavu, uzipime tena baada ya miezi miwili. Kwenye matrekta ya zamani ya Kiingereza angalia kwanza ni waya upi uliofungwa kwenye chasisi, kwa sababu nyingi zilitoka kiwandani zikiwa na chanya kwenye chasisi. Ukizibusti kama gari la kisasa, utapiga cheche.

Hatua ya 6: Safari ya mwisho

Safari hii ni kazi, msimwambie mama watoto vinginevyo. Oili ikiwa ya moto ndipo inapotoka na uchafu wote. Na petroli yenye dawa ya kuihifadhi lazima ifike ndani ya kabureta, siyo kukaa tu kwenye tangi.

Mimi huchukua barabara ya 95, Silvervägen, inayotoka Skellefteå kupitia Arvidsjaur na Arjeplog mpaka mpaka wa Norwe. Siendi mbali hivyo, nageuza Glommersträsk. Toka saa sita mchana, barabara ikiwa imeshakauka. Madaraja huganda kabla ya barabara, na kwenye kivuli cha misonobari barafu hukaa mpaka mchana. Majani yaliyolowa kwenye kona ni mabaya kuliko mvua yenyewe. Uwe nyumbani kabla ya magharibi, kwa sababu paa wakubwa wa huku, älg, hutembea giza linapoingia, na mwenye miguu mirefu vile ukimgonga mwili wake unakuja usawa wa kifua chako. Uwindaji wao kaskazini unafunguliwa Jumatatu ya kwanza ya Septemba, kwa hiyo wanatawanyika porini kuliko kawaida. Vaa fulana ya kung'aa. Ukiona mifuko myeusi ya plastiki imefungwa kwenye vijiti vya kando ya barabara, siyo takataka: wachungaji wanakuambia kuna kulungu wao wa kufugwa karibu. Punguza mwendo hapo hapo.

Ukirudi, pita kituo cha mafuta kilicho karibu na nyumbani. Mimina dawa ya kuhifadhi petroli kwenye tangi, jaza ya 98 mpaka shingoni, ndipo umalizie njia iliyobaki. Tangi la chuma likijaa halina nafasi ya kushika kutu.

Hatua ya 7: Kuifunga

Ikiwa bado ya moto, mwaga oili, badilisha filta, jaza mpya. Yangu ni Yamaha XT500 ya kupiga kiki, na oili yake hukaa ndani ya fremu, kwa hiyo kuna nati mbili za kumwagia, ya fremu na ya injini. Oili chafu ipelekwe kituo cha taka cha manispaa, wanaipokea.

Funga koki ya mafuta, legeza skrubu ya chini ya kabureta, mwaga petroli iliyomo. Safisha cheni, ipake kilainishi. Ongeza upepo kidogo kwenye tairi. Ziba ekzosi na mdomo wa hewa kwa kitambaa, kwa sababu panya wa huku hupenda sana filta ya hewa. Kisha funga utepe mwekundu kwenye hendeli ili usisahau kuvitoa.

Mwisho, ingia kwenye tovuti ya Transportstyrelsen, mamlaka ya usafiri ya Uswidi, uiandikishe kuwa haitumiki barabarani. Hailipiwi kodi wala haihitaji bima ya lazima kwa muda huo. Bima ya wizi na moto ibakie.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Umeå: Shikamoo fundi. Yangu haina kabureta, ni ya injeksheni. Hatua ya kumwaga mafuta naifanyaje?
Jibu: Marahaba kijana. Huifanyi. Tangi lijae, dawa iwemo, injini ikimbie dakika kumi ili dawa ifike kwenye injekta. Basi.

Mwanachama, Luleå: Kaka, mume wangu anataka kuiwasha kila Jumamosi "isilale". Tumegombana. Nani ana haki?
Jibu: Dada, wewe. Dakika tano za kuwasha hazipashi injini moto wa kutosha. Zinatengeneza mvuke unaobaki kwenye oili na kwenye ekzosi, na betri inaisha. Ama uiendeshe kweli, ama uiache. Na mwambie kuwasha injini ndani ya banda lililofungwa ni hatari, ndani ya moshi ule kuna gesi ya sumu isiyo na harufu ya kukutahadharisha. Mpe salamu zangu asikasirike.

Mwanachama, Minnesota: Ndugu, nina glaikoli ya kijani kwenye trekta na ya nyekundu dukani. Nichanganye?
Jibu: Usichanganye, na usiamini rangi. Rangi ni ya kiwanda tu, haikuambii dawa iliyomo. Soma lebo. Ukiwa na shaka mwaga yote uanze upya. Kwa injini za zamani tafuta ile ya kawaida yenye silikati.

Mwanachama, Njombe: Habari za huko mkuu. Huku kwetu Juni na Julai barafu inaanguka mashambani asubuhi. MF 135 yangu ina maji ya mto kwenye rejeta. Itapasuka?
Jibu: Salama mkuu. Barafu ya kwenu ni ya juu ya majani, inaondoka jua likitoka. Bloki yenye maji mengi si rahisi ipoe kiasi hicho kwa saa chache. Mimi ningeogopa zaidi hayo maji ya mto. Yana chumvi na tope, na yanakula rejeta na pampu ya maji mwaka mzima. Weka glaikoli hata theluthi moja, na maji ya mvua. Utapata kinga ya kutu, na hiyo barafu yenu itakuwa imeshughulikiwa pia.

Mwanachama, Oulu, Ufini: Ukimgonga kulungu wa kufugwa usiku, unaondoka au?
Jibu: Huondoki. Uswidi na Ufini zote mbili, piga 112. Yule ana mwenyewe. Huku kwetu unatakiwa pia uweke alama mahali pale ili anayemfuata mnyama aliyejeruhiwa apaone.

Mwanachama, Umeå (tena): Fundi, na tunaifungua lini?
Jibu: Theluji ikiyeyuka usikimbilie. Barabara zimejaa kokoto walizomwaga majira yote ya baridi, na kwenye kona zinateleza vibaya. Ngoja magari ya kufagia yapite, mara nyingi ni mwisho wa Aprili au Mei. Utepe mwekundu utoe kwanza.