Jinsi ya kuomba mtoto wa chini ya miaka 3 apimwe ukuaji hapa Marekani

Wazazi wenzangu, hii naiandika kwa sababu naulizwa kila mara. Mtoto ana mwaka na nusu hajasema neno hata moja, au ana miezi 10 bado hakai, ukipiga simu nyumbani bibi anakwambia "hata baba yake alichelewa". Inawezekana kweli, ila kupimwa ni bure majimbo yote, sasa unangoja nini.

Kwanza, huhitaji barua ya daktari. Sheria ya IDEA, yaani sheria ya Marekani ya elimu ya watoto wenye ulemavu, ile sehemu C ya watoto wadogo, inamruhusu mzazi mwenyewe kuomba. Sisi daktari wetu alisema tusubiri mpaka afike miaka miwili, tukakaa kimya tukijua ndio utaratibu, kumbe ilikuwa simu moja tu.

Programu ya kupima na kusaidia watoto hawa ina jina lake kila jimbo: Texas ni ECI, Kentucky na Indiana ni First Steps, California ni Early Start. Kama hujui ya kwenu, andika Google jina la jimbo na maneno "early intervention" namba itatokea. Ukipiga na Kiingereza kinakusumbua sema "Swahili interpreter" basi, halafu usikate, maana simu inaweza kukaa kimya mpaka udhani imekatika. Mkalimani hulipii. Na tafadhali usimfanye binti yako wa darasa la sita awe mkalimani, kuna maswali ya mimba na kuzaa hapo, ataruka nusu kwa aibu.

Watauliza jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, na wasiwasi wako ni nini. Hapo usiseme tu "amechelewa". Sema "ana miezi 20, ana maneno matatu, nikimwita hageuki". Kama alizaliwa njiti taja alizaliwa wiki ya ngapi, wanahesabu umri wake kwa kuangalia hilo.

Andika tarehe ya hiyo simu. Kuanzia ombi lilipofika wana siku 45, wikendi zimo, za kupima na kufanya kikao cha kwanza cha mpango wa huduma kama mtoto anastahili. Siku ya 30 hujasikia kitu, piga tena, wala usione unasumbua.

Mratibu wa programu atakuletea fomu ya kukubali mtoto apimwe, bila sahihi yako hawaanzi, na una haki ya kuelezwa kwa Kiswahili kabla hujasaini. Najua wengi tunaogopa, mtu anabisha hodi na faili mkononi unadhani ndio wale wanaochukua watoto. Sio wao. Hii ni programu ya hiari, hata ukishaanza unaweza kuacha.

Siku yenyewe mara nyingi wanakuja nyumbani, wanakaa chini kwenye zulia na vitu vya kuchezea. Wanaangalia mambo matano: mwili pamoja na kuona na kusikia, akili, mawasiliano, hisia na kuishi na watu, na kujihudumia. Hapo kwenye kujihudumia wataulizia kijiko, na wa kwetu anamega tonge la ugali na kuchovya mchuzi vizuri kabisa ila kijiko hajazoea, basi usijibu "hawezi" ukanyamaza, eleza anavyokula. Maneno nayo hesabu ya lugha zote, "maji", "lete", "bye", hata la Kibembe alilofunzwa na bibi. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, akikwambia mtu uache Kiswahili usimsikilize. Na asipofanya kitu siku hiyo kwa kuona wageni, sema, au onyesha video ya simu.

Mwenye Down syndrome au hali nyingine iliyo kwenye orodha ya jimbo anaingia moja kwa moja, hasubiri kuonekana amechelewa.

Akikubaliwa mnakaa kuandika ule mpango wa huduma za mtoto na familia, unaitwa IFSP. Uliza hapo hapo kama huduma zina malipo, kupima ni bure lakini tiba zenyewe majimbo mengine yanachangisha kulingana na kipato. Akikataliwa watakuandikia barua, unaweza kupinga, na miezi ikipita hali ni ile ile omba upya.

Kama zimebaki chini ya siku 45 afike miaka 3, hawalazimiki kumpima. Hapo peleka ombi wilaya ya shule ya mtaani kwenu, kwa maandishi, na kopi ubaki nayo, nao wanapima bure.