Usinunue taa yenye umbo la kombe: jinsi ya kuhamishia nyumbani mwanga uliouona porini na safarini

Mtu akirudi kutoka ufukweni na kuamua kuipa sebule yake hali ya bahari, mara nyingi hununua taa yenye umbo la kombe la baharini, akaining'iniza katikati ya dari na kuitia balbu nyeupe kali. Kombe lipo, bahari haipo. Kilichompendeza kule ni jua lililoingia kwa ubavu, likagonga maji na kurudi usoni kutoka chini. Mwongozo huu unahusu jambo hilo moja: kunasa tabia ya mwanga, halafu kuijenga upya kwa balbu, kofia za taa na swichi. Sura ya kitu achana nayo, au iache iwe ya mwisho.

Hatua ya 1: Andika kabla ya kupiga picha

Ukikuta mwanga unaokusimamisha, toa daftari kwanza. Andika unatoka wapi: juu, ubavuni au chini. Andika rangi yake, na kitu unachoangukia, maana mwanga uleule juu ya mchanga na juu ya jiwe jeusi ni mambo mawili tofauti. Kisha andika giza liko wapi. Hili la mwisho watu hulisahau, nami naliona ndilo lenye uzito kuliko yote. Mapango ya Waitomo huko New Zealand huvuta wageni kwa nuru ya wadudu wadogo wanaong'aa kwenye dari ya pango, nuru hafifu mno ambayo isingeonekana kabisa kama mtu angewasha tochi. Kazi yote pale imefanywa na giza.

Ili kujua ukubwa wa chanzo, nyoosha mkono na utazame kivuli cha vidole. Kingo zikiwa kali, chanzo ni kidogo au kiko mbali sana. Zikififia, chanzo ni kipana. Usipoona kivuli chochote, basi anga lote lenye mawingu ndilo taa yako.

Sasa piga picha, lakini usiiamini kamera ikiwa imeachwa ijiamulie. Simu hurekebisha rangi yenyewe: hupooza wekundu wa machweo, hupasha joto ubluu wa kivulini, na kuangaza sehemu zilizokuwa gizani. Ingia kwenye mipangilio ya mkono, weka mizani ya weupe (mpangilio unaoamua rangi gani ihesabiwe kuwa nyeupe) kwenye alama ya jua na uifunge hapo. Hapo picha za asubuhi, mchana na jioni zitalinganishika.

Hatua ya 2: Tafuta kilichosababisha ulichokiona

Chukua mfano wa kivuli cha mti, kwa sababu ndicho watu wanachokitaka zaidi na ndicho kinachowashinda zaidi.

Chini ya mti wenye majani mengi kuna madoa ya mwanga ardhini. Yatazame vizuri: mengi ni ya mviringo, ingawa nafasi zilizo kati ya majani zina pembe za kila namna. Ni kwa sababu kila nafasi ndogo hutupa chini picha ya jua lenyewe. Siku jua linapopatwa nusu, madoa yote hugeuka hilali. Jua tunaliona angani kwa upana wa nusu digrii tu, hivyo nafasi iliyo mita 5 juu hutoa doa la karibu sentimita 5.

Kwa hiyo siri ya kivuli cha mti ni udogo wa chanzo. Hapo ndipo kofia nyingi za taa zenye matundu zinapoangusha wanunuzi: dukani zinavutia, nyumbani ukuta unabaki mtupu. Kabla ya kununua, piga hesabu hii. Gawa umbali wa kutoka tundu hadi ukuta kwa umbali wa kutoka chanzo hadi tundu, kisha zidisha kwa upana wa chanzo. Utakachopata ni upana wa ukungu kwenye kingo za kivuli.

Balbu ya maziwa, yaani yenye kioo cheupe kisichoonyesha ndani, yenye upana wa sentimita 6, ikiwa sentimita 15 kutoka kwenye matundu na ukuta uko mita 1.5 mbele yake, hutoa ukungu wa sentimita 60. Hakuna umbo litakalosalimika hapo. Weka LED yenye kitoa mwanga kimoja cha milimita 5, ukungu unashuka hadi sentimita 5, na madoa yanajitokeza. Balbu za kioo angavu zenye nyuzi kadhaa hazisaidii sana, kwani kila uzi hutupa kivuli chake, nawe unabaki na picha kadhaa zilizopandana.

Kuna jambo jingine mti hufanya. Majani hayako kwenye kimo kimoja: yaliyo karibu na ardhi hutoa kivuli kikali, ya juu hutoa kilichofifia, na mchanganyiko huo ndio unaoupa mwanga kina. Ndiyo maana napendelea tabaka mbili: bati au mbao yenye matundu karibu na taa, na mmea halisi karibu na ukuta. Kofia moja peke yake, hata iwe ya gharama gani, hutoa mchoro bapa.

Mwanga unaocheza darini baada ya kugonga maji una kanuni hiyohiyo: chanzo kidogo na uso wenye mawimbi. Mchana, bakuli la maji dirishani penye jua linatosha. Usiku usisogeze umeme karibu na maji. Elekeza taa yenye mwale mwembamba kwenye kipande cha shaba kilichofinyangwa kwa nyundo, au uipitishe kwenye kioo chenye mawimbi. Hautacheza kama wa maji, ila michirizi utaipata.

Hatua ya 3: Amua pembe

Matuta ya mchanga ya Jangwa la Namib yanaonekana bapa adhuhuri. Jua likishuka, kila mkunjo unasimama. Mchanga ni uleule, pembe ndiyo iliyobadilika.

Kama una ukuta wa mawe, matofali au plasta yenye uso wa kukwaruza, weka taa sentimita 15 hadi 20 kutoka ukutani, ziangaze kwenda juu au chini sambamba nao. Kama plasta yako ni ya kawaida, usijaribu: kila kosa la fundi litaonekana. Sogeza taa hadi sentimita 60 au 90 kutoka ukutani na mwanga utaufunika ukuta kwa usawa.

Hatua ya 4: Panga rangi kwa saa

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini. Mshumaa uko karibu 1,900 K, balbu za zamani za uzi 2,700 K, jua la mchana karibu 5,500 K, anga lenye mawingu karibu 6,500 K. Namba ikishuka, mwanga unaelekea unjano na wekundu.

Jua la jioni halibadilishi rangi tu. Linashuka chini, linafifia na kuwa jekundu, yote kwa pamoja. Ukitaka jioni sebuleni, taa ya dari izimwe, na zibaki zile zilizo chini ya kimo cha macho ya mtu aliyekaa, zikiwa 2,700 K au hata 2,200 K. Kumbuka kuwa LED ya kawaida ikipunguzwa kwa dima (kifaa cha kupunguza mwanga) hufifia lakini rangi hubaki ileile, ndipo chumba kinapokuwa na sura ya kijivu kama cha hospitali usiku. Ulizia LED zinazoelekea wekundu kadiri zinavyopunguzwa.

Wapo wanaotaka mbalamwezi chumbani na kununua balbu ya bluu. Kwa kipimo, mwanga wa mwezi uko karibu 4,100 K, yaani una unjano kuliko jua la mchana. Tunauona wa bluu kwa sababu jicho likiwa kwenye giza huvutwa zaidi upande wa bluu. Cha kuiga kwa mwezi ni uhafifu wake, kimo chake na kivuli chake kikali: taa moja ndogo, iliyo juu nje ya dirisha, ikipita kwenye matawi.

Kuna kipimo kingine kwenye boksi, CRI au Ra, kinachoonyesha jinsi rangi za vitu zinavyobaki na uaminifu chini ya taa hiyo. Jikoni na mezani tafuta 90 au zaidi, koridoni 80 inatosha.

Hatua ya 5: Soma majengo unayotembelea

Hagia Sophia mjini Istanbul ina madirisha 40 kuzunguka kitako cha kuba. Mwanga unapoingia pale, kuba linaonekana kama halijashikwa na kitu. Nyumbani kanuni hiyo ni mstari wa LED uliofichwa pale ukuta unapokutana na dari: dari fupi huonekana imenyanyuka. Acha angalau sentimita 20 kati ya mstari na dari, na uufunike kwa kava ya maziwa, la sivyo utaona nukta nukta.

Pantheon ya Roma hufanya kinyume: tundu moja juu, lenye upana wa karibu mita 9, na mwale unaotembea juu ya kuta kadiri siku inavyosogea. Kwa chumba kidogo cha kusomea naichagua hii. Mwale mmoja mezani, pembeni pakiwa na giza la kutosha.

Mfano mzuri wa kuhamisha bila kunakili ni wa Isamu Noguchi, mchongaji sanamu Mmarekani mwenye asili ya Japani. Mwaka 1951 alifika Gifu, Japani, mji wenye mafundi wa kandili za karatasi na mianzi. Karatasi na mianzi akavichukua, mshumaa akauweka kando, akatia balbu ya umeme na kubuni maumbo yake mwenyewe. Kilichobaki ni jinsi karatasi inavyoulainisha mwanga.

Hatua ya 6: Jaribu usiku, kwa vitu vya bure

Kabla ya kutoboa ukuta, tafuta taa ya mezani, tochi, kadibodi na karatasi nyeupe ya kuokea. Mwingine ashike taa, wewe kaa pale utakapokaa kila siku. Hamisha taa, ishushe, igeuze itazame ukuta. Andika kimo kinachokupendeza kwa sentimita na uweke alama kwa penseli. Usifanye hivi mchana, jua litakudanganya.

Hatua ya 7: Mpe fundi mchoro

Kila tabia ya mwanga iwe na swichi yake: ya kazi, ya jioni, ya usiku. Ukizifunga zote kwenye swichi moja, kazi yote ya hatua zilizopita imepotea. Karibu na maji ya bafuni taa iwe na alama ya IP44 (inayoonyesha kinga dhidi ya maji yanayoruka) au zaidi. Waya za ukutani mwachie fundi umeme.

Kabla hajafunga dari, shusha dima hadi mwisho na utazame taa kupitia kamera ya simu. Ukiona mistari myeusi inapita kwenye kioo cha simu, huenda balbu na dima havipatani. Badilisha kimojawapo siku hiyohiyo.