Kuvuka tuta bila kukwangua tumbo la pikipiki

Pikipiki ikikwangua tuta, lawama huenda kwa tuta. Mara nyingi, hata hivyo, pikipiki yenyewe ilikuwa chini kuliko mwenyewe anavyodhani, na breki iliyokamatwa juu ya tuta ikaishusha zaidi.

Anza kwa kupima. Kimo cha tumbo kutoka ardhini kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki hakikujui wewe, abiria wako wala mzigo wako. Isimamishe wima mahali tambarare, panda na uweke miguu kwenye vikanyagio huku mtu akiishikilia, na abiria apande pia kama huwa unabeba. Mtu mwingine apime kwa rula kutoka ardhini hadi sehemu iliyo chini kuliko zote. Si lazima iwe injini: huenda ni kona ya ekzosi, guu la stendi kubwa au nati ya kumwagia oili. Mikwaruzo inayong'aa itamwonyesha pa kuweka rula.

Chukua pikipiki yenye milimita 165 ikiwa tupu. Dereva akikaa springi zinabonyea, tuseme milimita 30. Abiria anaongeza 25. Zimebaki 110. Tuta jembamba lenye kimo cha milimita 100 likifika katikati ya magurudumu, nafasi iliyobaki ni milimita 10, na hapo gurudumu la mbele ndiyo kwanza limeshuka kwa kishindo na shokapu zimebonyea tena. Lazima ikwangue. Tuta pana lenye mgongo wa bapa ni jepesi zaidi hata likiwa na kimo hichohicho, kwa kuwa pikipiki nzima inapanda juu yake, na hatari inabaki kwenye kingo tu. Kwa hiyo angalia upana wa tuta kabla ya kuogopa kimo chake.

Shokapu ya nyuma huwa na ringi yenye vidato chini au juu ya springi, ya kuzungushwa kwa spana ya ndoano. Kwanza inua gurudumu la nyuma lining'inie, upime kutoka ekseli hadi alama iliyo juu yake kwenye bodi. Lishushe, kaa, pima tena. Tofauti ya vipimo hivyo iwe karibu asilimia 30 ya mwendo wote wa gurudumu, yaani umbali linaoweza kupanda na kushuka: kwenye mwendo wa milimita 120, ni kama 36. Ikizidi, kaza kidato kimoja na upime upya. Kama shokapu ni mbili, zote ziwe kidato kimoja. Kukaza hakuifanyi springi kuwa ngumu, kunainua pikipiki tu. Ukifika kidato cha mwisho na bado inabonyea mno, springi imechoka au haiumudu uzito huo, na dawa ni kuibadilisha. Ukikaza kupita kiasi nako, gurudumu litakuwa linarukaruka kwenye mashimo.

Upepo wa tairi upimwe tairi likiwa baridi, kwa kipimo cha mtengenezaji. Tairi legevu hushusha pikipiki, na kingo kali ya tuta hupinda rimu.

Sasa kuvuka. Maliza kufunga breki kabla ya tuta, kisha ziachie kama mita moja kabla gurudumu la mbele halijaligusa. Hapa ndipo wengi wanapokosea: breki ya mbele ikiwa imekamatwa, shokapu za mbele ziko chini tayari na hazina mwendo wa kumeza tuta. Ingia kwa gia ya kwanza au ya pili, mwendo wa kama kilomita 10 hadi 15 kwa saa kwa tuta jembamba, pikipiki ikiwa wima na imelielekea tuta moja kwa moja. Nyanyuka kidogo kwenye kiti, magoti na viwiko vikiwa vimekunjwa bila kukazwa. Ongeza mafuta kidogo gurudumu la mbele linapopanda, na usiyakate ghafla tuta likiwa chini ya tumbo. Kaa baada ya gurudumu la nyuma kushuka. Kama tuta ni refu kwenda juu na mmepakizana, abiria ateremke. Ni sekunde chache tu.

Wengine huvuka kimshazari. Mteremko unapungua kidogo sana, ilhali rangi ya tuta ikilowa huteleza, na tairi lililoingia kwa pembe huponyoka. Hatuipendekezi.

Ukisikia mkwaruzo mkubwa, simama pembeni uchungulie chini. Oili ikidondoka, zima injini hapohapo: sampu (bakuli la oili chini ya injini) iliyopasuka au nati iliyolegea inaweza kuimaliza oili yote na kuua injini. Kagua pia kama ekzosi imebonyezwa, na kama springi ya stendi bado iko mahali pake, kwa sababu stendi inayoning'inia itanasa kwenye tuta linalofuata. Bati la kukinga injini linafaa, ila nalo linakula milimita kadhaa. Lifungwe karibu na injini, na liwe na tundu la kufikia nati ya oili.