Baridi ya kugandisha ikija, wahi kufunika mimea kabla jua halijazama

Jamani mkisikia usiku wa leo baridi itashuka mpaka nyuzi 0, msisubiri saa nne usiku ndo mtoke na tochi kutafuta mashuka, mtakuwa mmeshachelewa. Joto linalookoa mimea linatoka kwenye udongo, jua limeupasha mchana kutwa, na usiku linapanda juu na kupotea, haswa kukiwa hakuna mawingu wala upepo, nyota zote zinaonekana. Huo ndo usiku wa kuogopa.

Kwa hiyo mchana mwagilia udongo, sio majani, ulowe vizuri, maana udongo wenye maji unatunza joto kuliko mkavu. Jioni jua likiwa bado lipo, chomeka vijiti vitatu vinne kuzunguka mmea, viwe virefu kuuzidi, halafu tandaza shuka au blanketi kuukuu juu yake mpaka liguse chini pande zote, pindo kandamiza na mawe. Wengi wanakosea hapa, wanakusanya kitambaa wanakifunga kamba kwenye shina, sasa joto la ardhini litaingilia wapi?

Nailoni mimi siipendi kabisa, ikigusana na jani usiku asubuhi unakuta doa jeusi palepale ilipogusa. Kama huna kingine sawa, ila ikae juu ya vijiti tu na jua likichomoza itoe haraka, ndani kunapata joto kali. Hata shuka litoe mchana.

Kabichi na karoti zinavumilia, anza na nyanya, pilipili na mipapai michanga. Ya kwenye makopo ingiza ndani, mizizi yake imezungukwa na udongo kidogo tu, au basi isogeze ukutani, na usiiache bondeni kwa sababu hewa ya baridi inateremka na kutuama huko.

Ikitokea baridi imekuwahi, majani yanakuwa meusi yamelegea kama yamemwagiwa maji ya moto. Inauma, najua, lakini usikate kitu kwanza, hayo yaliyokufa yanakinga ya chini, na mbolea ya yurea usiweke, itatoa machipukizi laini na baridi ikirudi yanaondoka yote. Msimu wa baridi ukiisha kwangua gome kidogo kwa ukucha, ukiona kijani chini yake hapo pazima, anzia kukata juu ya hapo.