Kabla hujaomba nafasi ya kusomea tabia za wanyama na uhifadhi

Kupenda wanyama hakutoshi. Kila mwombaji anawapenda, na barua inayoanza na paka wa utotoni msimamizi wa utafiti haimalizi.

Amua kwanza unatafuta nini: kujua kwa nini mnyama anafanya anachofanya, au kuzuia asitoweke. Mambo hayo yanakutana lakini si kazi moja. Mwaka 1963 Niko Tinbergen, mtaalamu wa tabia za wanyama, aliyapanga maswali ya fani ya tabia kuwa manne: tabia inachochewa na nini, inakuaje mnyama anapokua, inamsaidia nini, na ilitokeaje katika mageuzi ya viumbe. Kama swali moja kati ya hayo linakukosesha usingizi, utaishi kwa furaha na kundi moja la ndege kwa miaka. Mhifadhi anauliza mengine: wamebaki wangapi, wanaishi karibu na nani, sheria inasemaje, fedha zitatoka wapi. Anashinda vikaoni kuliko porini. Usipochagua mapema, utachaguliwa na ufadhili wa kwanza utakaojitokeza.

Usitafute jina la shahada tu. Zipo programu zenye jina hilo hasa, kama uzamili wa Hunter College, New York, au la tabia za wanyama peke yake, kama uzamivu wa Chuo Kikuu cha California, Davis. Lakini wataalamu wengi wa fani hii walisoma katika idara za zoolojia, ikolojia, saikolojia au anthropolojia. Tafuta mtu anayefanya unachotaka kufanya, soma makala zake, kisha mwandikie kabla ya kujaza fomu.

Fedha: uzamivu wa sayansi hizi Marekani kwa kawaida hulipiwa, nawe hupewa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Uzamili mara nyingi unajilipia mwenyewe. Ukiambiwa ujilipie uzamivu, kataa.

Jifunze takwimu sasa, R (programu ya kompyuta ya kuchambulia data), na kuchora ramani kwa kompyuta. Usiseme utajifunza ukifika.

Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Gombe, Tanzania, mwaka 1960 bila shahada yoyote, na Cambridge ikampokea kwa uzamivu moja kwa moja. Ni kweli, na anastahili heshima yote, ila usipange maisha yako kwa kutegemea mlango ule.

Sasa jambo ambalo nakuomba ulisome mara mbili: msimamizi wako ni nani, na data utakazokusanya ni za nani.

Mwenzangu mmoja niliyesoma naye alijiunga na mradi wa nyani ulioanza kabla hajazaliwa. Swali lake lilikuwa urafiki wa majike, na walikubaliana na msimamizi kwa mdomo. Kila siku alitoka kambini gizani, awahi nyani kabla hawajashuka kwenye miti waliyolala, maana wakishashuka na kutawanyika bila wewe kuwaona, asubuhi nzima inaishia kuwatafuta. Aliwajua majike mmoja mmoja kwa sikio lililochanika, kwa mkia uliopinda, kwa namna ya kutembea. Alimfuata mmoja kwa muda uliopangwa na kuandika anakula nini, amekaa na nani, nani anamchambua manyoya na nani kaacha kwanza, kisha akahamia kwa mwingine aliyefuata kwenye orodha, hata kama yule wa kwanza ndiyo kwanza anaanza kufanya jambo la kuvutia. Nidhamu hiyo ina sababu, na Jeanne Altmann, mtafiti wa nyani, aliieleza mwaka 1974: ukiandika tu kinachovuta macho, daftari litajaa ugomvi na kupandana, na saa za kukaa kimya zitapotea.

Jioni kila kitu kiliingizwa kwenye kompyuta ya mradi. Halafu msimamizi akahamia chuo kingine. Aliyeshika nafasi yake alikuta swali lile lile limeshaahidiwa mwanafunzi mwingine. Mwenzangu akaambiwa data ni mali ya mradi, naye aombe kuzitumia kama mtu wa nje, tena baada ya yule mwingine kuchapisha. Sidhani kama yupo aliyedanganya. Kila mmoja alikumbuka mazungumzo kwa namna yake. Tasnifu yake aliiandika kwa data za zamani zilizokwisha kuchapishwa, ufadhili ukaisha kabla hajamaliza, na leo hafanyi kazi na wanyama kabisa. Katika kundi letu hakuna aliyekuwa na jicho kama lake. Inaniuma mpaka sasa.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kukubali nafasi, andikiana na msimamizi: data zipi ni zangu kwa tasnifu, hadi lini hakuna mwingine atakayepewa swali hili, nani ataandikwa mwandishi wa kwanza, na ukihama au ukistaafu nani atanishika mkono. Barua pepe fupi inatosha, alimradi ameijibu. Wala usidhani mradi wenye masharti makali una nia mbaya. Mradi wa nyani wa Amboseli, Kenya, unaendelea tangu 1971, na kumbukumbu kama zile ni jasho la watu wengi, wakiwemo wasaidizi wa uwandani ambao majina yao hayaonekani sana kwenye makala. Wana haki ya kulinda. Wewe pia unayo.

Kisha zungumza na wanafunzi wake wa sasa, faragha, yeye asiwepo. Uliza walioacha wako wapi. Ukiona wanatazamana kabla ya kujibu, tafuta msimamizi mwingine.

Vibali anza kuviomba mapema kuliko unavyodhani: cha utafiti, cha kuingia hifadhini, cha kamati ya maadili ya wanyama. Damu au nywele za spishi zilizoorodheshwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hazivuki mpaka bila kibali. Kinyesi kilichookotwa chini CITES haikibani, lakini sheria za afya ya mifugo za nchi kinakokwenda zinaweza kukizuia uwanja wa ndege. Na tangu Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa kuhusu matumizi ya vinasaba na kugawana faida zake, ianze kutumika mwaka 2014, nchi nyingi zinataka makubaliano kabla ya kuchukua sampuli za vinasaba.

Chanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa kabla ya safari, usingoje kung'atwa. Ukiwa na mafua usiwakaribie sokwe. Katika msitu wa Taï, Kodivaa, kati ya 1999 na 2006 sokwe walikufa kwa magonjwa ya mapafu, na virusi vilivyopatikana ndani yao vilikuwa vya binadamu.

Kuhusu ajira, nafasi za uprofesa ni chache. Wengi huishia serikalini, kwenye mashirika, bustani za wanyama au tathmini za mazingira, na huko utaulizwa kama unaweza kuandika ripoti, kusimamia bajeti na kuongea na mkulima ambaye tembo wamemlia shamba. Uzio wa mizinga ya nyuki uliobuniwa na mtafiti Lucy King nchini Kenya ulitokana na kujua kwamba tembo hukimbia nyuki, lakini unasimama kwa sababu mkulima anaitunza mizinga na kuvuna asali. Jifunze kukaa na watu.

Mengine kwa haraka. Kata bima. Weka akiba ya nauli ya kurudi bila kumwomba mtu. Jua mapema ni nani utamweleza mtu akikusumbua kambini, na asiwe mkuu wa kambi peke yake. Usiende porini bila kuacha neno unaelekea wapi. Data ziwe sehemu mbili, mojawapo mbali na kambi. Picha za wanyama wanaowindwa, faru hasa, ziondolee taarifa za mahali kabla ya kumtumia mtu yeyote, hata rafiki.