Jinsi ya kulipia tiketi ya tamasha Japani ukiwa huku kwetu

Msanii wako akitangaza ziara ya Japani, kabla hujaanza kupigia hesabu nauli ya ndege fungua ukurasa wa tiketi uangalie mambo mawili: wanapokea malipo gani, na tiketi inachukuliwaje. Bei iache kwanza. Wenzangu wengi wamekwama wakiwa na pesa kamili mkononi, maana mfumo wa tiketi wa Japani umepangwa kwa mtu mwenye namba ya simu ya huko, anwani ya huko, na duka la Lawson jirani na nyumbani kwake. Mimi ni mhasibu hapa Dar es Salaam na ni mpenzi mkubwa wa mwanamuziki wa Kijapani Fujii Kaze. Haya ndiyo ninayomweleza kila anayeniuliza.

Tiketi nyingi hupitia Ticket Pia, e+ na Lawson Ticket. Kurasa zao za Kijapani ndizo zenye matamasha mengi, lakini ndiko utakakodaiwa namba ya simu inayoanza na 070, 080 au 090, na mara nyingi kadi iliyotolewa nje ya Japani hukataliwa. Usidhani eSIM ya watalii itakuokoa; nyingi ni za data tu, hazina namba. Kampuni hizo zina pia kurasa za wageni. Matamasha huko ni machache, ila kadi za Visa na Mastercard za kwetu hupita, na huombwi namba ya Japani. Anzia hapo. Halafu pitia tovuti ya msanii mwenyewe, kwa sababu baadhi yao hutenga viti vya mashabiki wa ng'ambo na kuviuza kupitia Klook au KKday, tovuti za kuuzia watalii tiketi na safari. Kama hii ni safari yako ya kwanza na humfuati msanii mmoja tu, Fuji Rock ni mlango mwepesi: hufanyika Naeba, mkoa wa Niigata, mwishoni mwa Julai, na tiketi zake huuzwa kwa wageni bila droo, yaani bila bahati nasibu ya kugawa tiketi.

Kwingine mara nyingi droo haikwepeki. Wajapani huiita chusen. Unaomba ndani ya siku kadhaa, dirisha linafungwa, kisha majibu yanakuja kwa baruapepe. Aliyeomba dakika ya kwanza na aliyeomba siku ya mwisho wana nafasi sawa, kwa hiyo usikimbilie; jaza fomu kwa utulivu. Jambo la kushika sana ni hili: ukichagua kulipa kwa kadi, ukishinda pesa inakatwa yenyewe. Hakuna anayekuuliza tena kama bado unataka, na tiketi ikishalipwa hairudishwi. Ukituma maombi mawili tofauti, la Jumamosi na la Jumapili, unaweza kushinda yote na kukatwa yote. Kama unataka siku moja tu, tuma ombi moja, Jumamosi iwe chaguo la kwanza na Jumapili la pili.

Kwa hiyo pesa inatakiwa iwepo kwenye kadi siku ya majibu, ambayo huenda ikawa wiki kadhaa baada ya kuomba. Hesabu yangu huwa hivi: tiketi mbili za yeni 12,000 ni 24,000. Juu yake kuna makato ya mfumo, ya malipo na ya kutolea tiketi, na mengi ya hayo hutozwa kwa kila tiketi. Mimi huongeza asilimia 10, inakuwa 26,400, kisha naongeza tena kidogo kwa ajili ya benki yangu, maana nayo inachukua chake katika kubadilisha fedha. Kiasi hicho nakiweka kwenye kadi ya pekee ambayo siigusi kwa soko wala umeme. Kadi ikikosa salio siku hiyo, ushindi unaweza kufutwa, na kiti kikapewa mwingine.

Kuhusu kadi yenyewe, nenda benki mapema ukaulize maswali matatu. Je, imefunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni nje ya nchi? Kikomo chake kwa siku ni kiasi gani? Na ile namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini ipi? Hilo la tatu ndilo linalowaangusha watu. Mwongozo wa Japani uliyataka maduka ya mtandaoni yaweke uthibitisho huo wa ziada kufikia mwisho wa Machi 2025, kwa hiyo kadi isiyoweza kuupokea haitafika mbali. Kama laini uliyosajili benki ni ile ya zamani iliyolala kwenye droo ya kabati, ibadilishe kabla ya msimu wa tiketi.

Kadi pepe za kwenye simu, kama ile ya Visa ya M-Pesa, zinafaa kwa kununua papo kwa papo. Kwa droo sizipendekezi. Kadi ya droo inasajiliwa leo na kukatwa baadaye, na kadi pepe ambayo maelezo yake hubadilika au kuisha muda haraka inaweza kukataliwa wakati huo.

Kwenye fomu, andika jina kama lilivyo kwenye pasi ya kusafiria, kwa sababu kwenye matamasha makubwa hukaguliwa mlangoni. Fomu za Kijapani hudai pia jina kwa katakana, yaani herufi za Kijapani za kuandikia majina ya kigeni. Juma ni ジュマ, Salma ni サルマ. Nakili herufi hizo zenye upana kamili. Zile nyembamba mfumo mara nyingi huzikataa.

Kuna njia ya pili ikiwa una ndugu au rafiki anayeishi Japani: malipo ya konbini, yale maduka madogo yasiyofungwa. Ukichagua njia hiyo unapewa namba ya malipo na tarehe ya mwisho, kwa kawaida siku chache tu. Mwenye namba ndiye mwenye kulipa, hawaulizi kitambulisho. Kwenye Lawson au Ministop rafiki yako anaiingiza namba kwenye mashine iitwayo Loppi, inatoka karatasi, anaipeleka kaunta ndani ya dakika 30 na kulipa taslimu. Mtumie pesa kabla hujaomba droo, siyo baada ya kushinda. Si haki kumfanya mtu akukopeshe kwa ajili ya starehe yako.

Walanguzi waogope kabisa. Tangu tarehe 14 Juni 2019 Japani ina sheria dhidi ya ulanguzi wa tiketi. Adhabu yake ni kifungo hadi mwaka mmoja, au faini hadi yeni milioni moja, au vyote viwili. Wewe mnunuzi utakachopoteza ni kiti, maana tiketi yenye jina la mtu mwingine inaweza kukataliwa mlangoni baada ya kusafiri mpaka Saitama. Asiyeweza kwenda tena huiweka tiketi kwenye mauzo rasmi ya marudio, kwa bei yake ileile. Subiri hapo, hata kama ni wiki ya mwisho.

Saa nazo zipigie hesabu. Japani iko mbele ya Dar na Nairobi kwa saa sita, Kigali na Lubumbashi kwa saa saba, Muscat kwa saa tano. Mauzo ya atakayewahi hufunguliwa mara nyingi saa nne asubuhi ya Japani, nayo ni saa kumi alfajiri kwetu. Amka saa tisa na nusu, ingia kwenye akaunti, kadi iwe imeshasajiliwa. Muda wa mwisho wa kulipa ukiandikwa 23:59, kwetu ni saa kumi na mbili kasoro dakika moja jioni. Usingoje usiku wa manane wa hapa.

Na kama tamasha liko kwenye ukumbi wa kusimama kama Zepp, bado kuna malipo mlangoni: kinywaji, yeni 600 hivi, hata kama huna kiu. Hayamo kwenye bei ya tiketi, na foleni ni ndefu, kwa hiyo weka sarafu mfukoni.