Kujifunza sefingi Malindi wakati kusi imechachamaa

Kila mtu ananiambia atangoja mawimbi yatulie ndo aanze sefingi, yaani kuteleza juu ya mawimbi kwa bodi. Utangoja sana bwana. Hapa Malindi mawimbi yenyewe yaletwa na kusi, ule msimu wa upepo wa kusini, na kusi haiji na mawimbi peke yake, yaja na upepo, na mvua za mwezi wa tano, na maji rangi ya chai ya maziwa manake mto Sabaki unamwaga udongo wake hapo hapo kaskazini mwa mji. Kaskazi ikishika, msimu wa upepo wa kaskazini, Januari hivi, bahari yalala, wageni wanaogelea wamefurahi na wewe umekaa na bodi yako kama mtu aliyekosa basi. Kwa hivyo anza na hii hii chafu.

Amka mapema kwanza. Alfajiri upepo unapungua, na siku nyingine umande, ule upepo mwanana wa asubuhi kutoka bara, unaunyoosha uso wa maji, basi toka saa kumi na mbili mpaka kama saa tatu ndo wakati wako. Ukija saa nane mchana ni vurugu tupu, mimi nilikomaa hivyo wiki nzima Agosti nikaambulia mdomo kupasuka, bodi iligeuzwa na upepo ikanirudia usoni.

Halafu jua maji. Muulize mvuvi yeyote kama ni bamvua, maji yanapopanda na kushuka sana, au maji mafu, yanaposogea kidogo tu. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, kwa hivyo mahali ulipoteleza vizuri saa moja, saa nne hapafai tena. Anayeanza achukue maji yakiwa nusu na bado yanajaa. Na kila siku saa inasogea mbele karibu dakika hamsini, usikariri ya jana. Ukiwa Diani au Watamu hesabu ni nyingine, kule mwamba uko nje, maji yakipwa mawimbi yote yanaishia huko, na miguuni ni matumbawe na yale madude meusi ya miiba. Usijaribu kule kama bado unaanguka ovyo.

Bodi chukua ya sponji, futi nane au tisa. Fupi zile ni urembo, kwenye maji yaliyovurugika hazikubebi.

Sasa usiende nje. Simama maji ya kiunoni, ngoja wimbi livunjike, lile povu likija lalia bodi, piga mikono mara tatu nne, ukisikia limekusukuma mgongoni kandamiza viganja chini ya mbavu, leta miguu yote miwili kwa mpigo mmoja, magoti yamekunjwa, macho ufuoni. Ukitazama miguu umeanguka. Pua ya bodi ikizama, jua umelala mbele sana, rudi nyuma kama kiganja kimoja tu. Ukianguka anguka ubapa, usipige mbizi, mikono kichwani, na kamba ya mguuni usiifungue hata kama inakukera.

Mkondo ndo wa kuogopa kwa kweli. Wengi wanafundishwa kutafuta maji yaliyobadilika rangi lakini hapa yote ni tope, utaona nini? Tafuta pengo lisilo na povu katikati ya mapovu, hapo ndo maji yanarudi nje. Likikuchukua ng'ang'ania bodi, piga mikono kwenda ubavuni sambamba na ufuo mpaka likuachie, usishindane nalo. Na wavuvi wakiwa wamevuta mashua zao juu, wewe nenda kanywe chai.

Siku ambazo hakuna wimbi kabisa toa bodi tu, piga mikono mita mia mbili, halafu jifunze kuikalia, miguu ikining'inia huku na huku, uigeuze bila kuanguka. Inaonekana rahisi. Mimi siku ya kwanza nilipinduka mara kumi na moja na bahari ilikuwa kama maji ya beseni, watoto wa ufuoni wakinihesabia kwa sauti.